Picha Kabla ya Picha: Mafunzo ya Ubunifu wa Taswira za Filamu na Faida Yake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika madarasa mengi ya shule za msingi kipindi cha kuchora huendeshwa kwa namna moja. Mwalimu huchora kitu ubaoni, aghalabu nyumba, chungu au samaki, na wanafunzi hunakili. Kengele inapolia madaftari hukusanywa, na aliyenakili kwa usafi hupata alama nyingi. Njia hii haikosi manufaa: humzoeza mtoto kutuliza mkono na kutazama kwa makini. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa. Maamuzi yote ya picha hiyo yamekwisha kufanywa na mwalimu kabla mtoto hajashika kalamu. Mtoto hakuamua asimame wapi kuitazama nyumba, wala mlango uwe wazi au umefungwa, wala kama ni asubuhi au usiku. Mkono wake umefanya kazi. Fikira zake zimepumzika.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi njia nyingine, ambayo asili yake ni mahali asipopatarajia: mafunzo ya uzamili ya watu wanaobuni sura za filamu za vibonzo. Tutaeleza kwanza kazi hiyo ni nini na ilianzaje. Kisha tutaona inavyofundishwa katika vyuo vya juu, na ni kanuni zipi zinazoweza kuletwa katika darasa lenye wanafunzi wengi na vifaa vichache. Mwisho tutatoa andalio la vipindi vinne ambalo mwalimu anaweza kulijaribu katika mazoezi ya kufundisha.

Kazi yenyewe ni nini?

Filamu ya vibonzo ni mfululizo wa picha zisizotembea ambazo, zikipitishwa haraka mbele ya macho, huonekana kutembea. Kwa kawaida sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Dakika moja, basi, huhitaji picha 1,440, na filamu ya dakika 80 huhitaji picha 115,200. Hata pale kila mchoro unapotumiwa mara mbili mfululizo, kama ilivyo desturi ya wachoraji wengi, bado hubaki michoro 57,600. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Hufanywa na mamia ya watu kwa muda wa miaka. Sasa, watu mia watajuaje kuchora simba mmoja yule yule, katika nchi moja ile ile, chini ya jua lile lile?

Hapo ndipo anapohitajika mbunifu wa taswira. Huyu hushika hadithi ingali maneno matupu, akajiuliza: Mhusika huyu ana umbo gani? Anaishi katika nyumba ya namna gani? Furaha yake ina rangi gani, na huzuni yake je? Hujibu maswali hayo kwa kuchora na kupaka rangi picha nyingi za majaribio. Nyingi kati ya picha hizo mtazamaji wa sinema hazioni kamwe. Kazi yake ni kuwaongoza wale wengine, kama vile ramani inavyomwongoza mwashi. Hakuna alalaye ndani ya ramani, lakini nyumba iliyojengwa bila ramani hujulikana mvua ya kwanza inaponyesha.

Fani hii haikomei kwenye vibonzo. Hutumika pia katika filamu za waigizaji, katika michezo ya kompyuta, katika bustani za burudani na katika vitabu vya watoto. Ndiyo maana vyuo vingi huiweka chini ya jina pana zaidi la sanaa ya burudani.

Ilivyoanza na kukua

Mwaka 1926, huko Ujerumani, msanii Lotte Reiniger alimaliza filamu ndefu iliyoitwa The Adventures of Prince Achmed. Wahusika wake wote walikuwa vivuli vya karatasi nyeusi vilivyokatwa kwa mkasi. Hawakuwa na macho ya kuonyesha hasira wala midomo ya kuonyesha furaha. Kila jambo lilielezwa na umbo la nje pekee. Mwalimu alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia: umbo likiwa wazi, hata kivuli husema.

Huko Marekani, mwaka 1932, studio ya Walt Disney ilimwita Don Graham, mwalimu wa chuo cha sanaa cha Chouinard cha Los Angeles, awafundishe wachoraji wake jioni baada ya kazi. Yafaa tulitafakari hilo. Wale walikuwa watu walioajiriwa kwa kuchora, na bado walirudishwa darasani kuchora watu na wanyama kwa kuwatazama. Miaka mitano baadaye, mwaka 1937, ilitoka filamu ya Snow White and the Seven Dwarfs yenye dakika 83. Katika matayarisho yake walitumika wasanii kama Albert Hurter, mzaliwa wa Uswisi, na Gustaf Tenggren, mzaliwa wa Sweden, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kubuni ulimwengu wa hadithi hiyo kabla haujachorwa na wengine.

Mfano unaofundisha zaidi ni ule wa Tyrus Wong. Alizaliwa China mwaka 1910, akahamia Marekani akiwa mtoto, akasoma katika chuo cha sanaa cha Otis huko Los Angeles. Mwaka 1938 aliajiriwa na studio ya Disney kufanya kazi ya chini kabisa: kuchora michoro ya kati inayounganisha mwendo wa mhusika kutoka hatua moja hadi nyingine. Wakati huo studio ilikuwa ikitayarisha filamu ya Bambi, hadithi ya mtoto wa kulungu porini. Wachoraji walikuwa na tatizo. Msitu waliouchora ulijaa majani mengi, kila jani limechorwa kwa ustadi, hata kulungu mwenyewe akapotea ndani yake. Wong aliisoma hadithi, akachora picha ndogo ndogo kwa mtindo aliojifunza kutokana na michoro ya kale ya China. Katikati ya picha aliweka mwanga na mnyama. Pembeni aliuacha msitu uwe ukungu tu. Hakuonyesha kila jani. Alionyesha hali ya kuwa msituni. Picha hizo zikawa mwongozo wa filamu nzima, iliyotoka mwaka 1942.

Lakini Wong mwenyewe alikuwa ameachishwa kazi mwaka 1941, baada ya mgomo wa wachoraji, na katika orodha ya majina ya filamu aliandikwa kama mchoraji wa mandhari tu. Heshima ilimfikia baada ya miaka mingi: studio hiyo ilimtunukia mwaka 2001, naye alifariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 106. Hapa pana mafundisho mawili kwa mwalimu. Kwanza, jibu la tatizo la darasa zima laweza kutoka kwa yule aliyekaa nyuma kabisa, anayepewa kazi ndogo. Pili, anayetoa jibu hilo anastahili jina lake liandikwe juu ya kazi yake siku ile ile.

Mwingine ni Mary Blair, mzaliwa wa Oklahoma mwaka 1911, aliyesoma Chouinard. Mwaka 1941 alisafiri Amerika ya Kusini pamoja na kundi la wasanii wa studio, na baada ya safari hiyo rangi zake zilibadilika, zikawa kali na zenye ujasiri. Picha zake ziliongoza filamu za Cinderella ya mwaka 1950, Alice in Wonderland ya mwaka 1951 na Peter Pan ya mwaka 1953.

Afrika ya Mashariki nayo imo katika historia hii. Mwaka 1991 baadhi ya watayarishaji wa filamu ya The Lion King, iliyotoka mwaka 1994, walikuja Kenya kutazama nchi yenyewe, wakatembelea hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Walisafiri kutoka bara jingine ili waone majabali, nyasi na jua ambavyo watoto wetu huvipita kila siku wakienda shule. Baadaye, mwaka 2010, ulianza kuonyeshwa mfululizo wa vibonzo wa Tinga Tinga Tales uliotengenezwa Nairobi. Sura yake ilitokana na mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyepaka rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao laini. Na tangu mwaka 2014 vibonzo vya Ubongo Kids, vilivyobuniwa Dar es Salaam, vimefundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Kwa hiyo fani hii si ya ugenini tu.

Inavyofundishwa katika vyuo

Mwaka 1961 chuo cha Chouinard kiliunganishwa na chuo cha muziki cha Los Angeles, na kutokana na muungano huo ikapatikana California Institute of the Arts, ambako mafunzo ya uhuishaji wa wahusika yalianza mwaka 1975. Mwaka huo huo shule ya Gobelins ya Paris, nchini Ufaransa, nayo ilianza kufundisha uhuishaji. Academy of Art University ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 1929, ni miongoni mwa vyuo vilivyofikia hatua ya kutoa shahada ya uzamili katika ubunifu wa taswira wenyewe, kama fani inayojitegemea.

Anayeomba nafasi katika mafunzo hayo hapimwi kwa vyeti pekee. Huleta mkoba wa kazi zake: michoro ya watu waliotazamwa wakiwa hai, mandhari, wahusika na majaribio ya rangi. Akikubaliwa husoma kwa muda wa miaka miwili au mitatu. Huchora mwili wa binadamu na wa wanyama, hujifunza mwanga na rangi, majengo, mavazi na vyombo vya nyakati mbalimbali. Mwishoni hutayarisha mradi mkubwa: huchukua hadithi moja akabuni ulimwengu wake wote. Siku hizi kazi nyingi hupakwa rangi kwa kompyuta. Lakini kompyuta haimwambii mchoraji Cinderella asimame mbali au karibu. Hilo bado ni la kichwa, si la mashine.

Tukiyachunguza mafunzo haya tutaona yamejengwa juu ya kanuni nne.

Kanuni ya kwanza: hadithi ndiyo hakimu. Picha haiulizwi kama ni nzuri, bali kama inasema jambo ambalo hadithi inataka lisemwe wakati huo. Katika filamu ya Up ya mwaka 2009, mzee Carl alipewa umbo la mraba, kuanzia kichwa hadi kiti chake, kwa sababu ni mtu mgumu asiyependa kuhama. Mkewe Ellie alipewa miviringo, kwa kuwa moyo wake ulikuwa mwepesi. Mtoto asiyejua kusoma huelewa tofauti hiyo bila kuambiwa.

Kanuni ya pili: tazama kwanza, ubuni baadaye. Studio iliyokuwa ikitayarisha Bambi ilileta kulungu hai ili wachoraji wawatazame. Anayebuni bila kutazama hubuni kile ambacho wengine wamekwisha kukibuni.

Kanuni ya tatu: jaribu mengi, chagua moja. Mwanafunzi akitakiwa kubuni nyumba ya mchawi, haruhusiwi kuleta nyumba moja. Huleta vichoro vidogo ishirini, kila kimoja cha dakika chache. Kichoro cha kwanza aghalabu ni kile ambacho kila mtu angekifikiria. Fikira zake mwenyewe huanza kujitokeza baada ya zile za kuazima kwisha.

Kanuni ya nne: uhakiki ni wa kazi, si wa mtu. Kazi hubandikwa ukutani, na mwalimu pamoja na wanafunzi huzizungumza hadharani. Mwenye kazi husikiliza, huandika, kisha hurudi kuirekebisha. Hilo ni zoezi la kila wiki, wala halihesabiwi kuwa aibu.

Kanuni hizi katika darasa la msingi

Mwalimu anaweza kusema: "Hao wana vifaa na muda, mimi nina wanafunzi sitini na boksi la chaki." Hoja hiyo ni ya haki na yapasa ijibiwe. Katika kanuni nne tulizozitaja, hakuna hata moja inayodai fedha. Kutazama hakuna gharama. Vichoro vidogo hutumia karatasi chache kuliko picha kubwa moja inayofutwa mara tano. Uhakiki huhitaji ukuta na maneno. Kinachodaiwa ni mwalimu kubadili utaratibu wa kipindi, na kuwa tayari kupokea picha ambazo hakuziwazia.

Kuna hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi: kwamba kuchora ni kipaji, na asiyejaliwa hawezi kufundishwa. Mwalimu mwenye imani hiyo huishia kuwafundisha watoto wawili au watatu na kuwaacha hamsini na saba. Lakini kuchagua mahali pa kusimama, kuamua kiwe kikubwa nini na kiwe kidogo nini, kuondoa kisichohitajika, si vipaji. Ni fikira, na fikira hufundishwa. Mtoto ambaye mstari wake unatetemeka anaweza kuchagua vizuri kuliko yule mwenye mstari ulionyooka. Tena wapo watoto ambao hawasemi darasani, ama kwa haya, ama kwa sababu Kiswahili cha shule si lugha ya nyumbani kwao. Kichoro cha dakika tatu huweza kumwonyesha mwalimu kwamba mtoto huyo ameielewa hadithi kuliko wote. Mwalimu asipompa nafasi hiyo, huenda akamhesabu mjinga kwa miaka saba.

Andalio la somo

Darasa: la Nne. Somo: Sanaa, kwa kushirikiana na Kiswahili. Muda: vipindi vinne. Lengo: mwanafunzi aweze kuchagua, kwa sababu anazoweza kuzieleza, namna moja ya kuonyesha tukio la hadithi.

Vifaa: karatasi zilizotumika upande mmoja, mkaa, majivu, chaki, udongo mwekundu, majani mabichi, manjano, uji mzito wa unga kwa ajili ya kugandisha rangi, na vijiti vilivyotafunwa ncha badala ya brashi. Mkasi mmoja au wembe utumiwe na mwalimu mwenyewe.

Hadithi: fisi aliyefika njia panda akasikia harufu ya nyama kutoka pande zote mbili, akataka kuzifuata zote kwa mara moja, akaangamia. Watoto wengi wanaijua, na methali yake wanaijua pia: Njia mbili zilimshinda fisi. Tumeichagua kwa kuwa tukio lake kuu ni moja na linaonekana kwa macho.

Kipindi cha kwanza: kusikiliza na kutazama. Mwalimu asimulie hadithi bila kuonyesha picha yoyote. Kisha aulize mambo ambayo hadithi haikuyasema: Ni saa ngapi? Njia ni pana au nyembamba? Pana miti? Fisi ana njaa ya siku moja au ya siku tano? Majibu yaandikwe ubaoni bila kukataa hata moja. Baada ya hapo darasa litoke nje hadi njia panda iliyo karibu na shule. Kila mwanafunzi aitazame akiwa amesimama, akiwa amechuchumaa kwa kimo cha fisi, na akiwa mbali. Waulizwe: Njia inaonekanaje ukiwa chini? Wengi watashangaa kuona kwamba majani ya kando huwa marefu kama miti.

Kipindi cha pili: vichoro vinane. Kila mwanafunzi akunje karatasi katikati, akunje tena, akunje mara ya tatu. Akiikunjua atapata vyumba vinane. Mwalimu atangaze: "Mchoreni fisi njia panda, mara nane, na kila mara kwa namna nyingine." Kila chumba kipewe dakika tatu, mwalimu akihesabu kwa sauti. Kufuta kusiruhusiwe. Kufikia chumba cha nne wengi watasema fikira zimekwisha. Hapo mwalimu asiwape picha. Awape maswali: Je, ukiwa ndege juu ya mti unaona nini? Je, ukionyesha miguu tu? Je, fisi akiwa mdogo kabisa na njia ikiwa kubwa? Mwishoni kila mmoja aweke alama ya nyota kwenye kichoro kimoja na kuandika chini yake sentensi moja ya sababu. Sentensi hiyo ndiyo kiungo cha somo la Kiswahili, na mwalimu aihifadhi.

Kipindi cha tatu: kivuli na tabaka tatu. Wanafunzi wagawanywe katika makundi kumi ya sita sita. Kila kundi lichague kichoro kimoja kati ya sita vilivyopewa nyota. Kwanza wakijaze chote kwa mkaa, umbo la nje tu. Wakipeleke kwa kundi jirani na kuuliza: "Huyu ni mnyama gani, na anafanya nini?" Jibu likiwa "mbwa amelala", umbo halijasema, na wajaribu tena: mgongo wa fisi hushuka nyuma, shingo yake ni nene, kichwa huinamishwa. Hapa ndipo tunaporudi kwa Lotte Reiniger na karatasi zake nyeusi. Umbo likishaeleweka, waichore picha kubwa kwa tabaka tatu pekee: weupe wa karatasi, kijivu cha majivu na weusi wa mkaa. Kanuni iwe kwamba jambo kuu liwekwe pale ambapo weupe na weusi hukutana.

Kipindi cha nne: rangi na uhakiki. Kila kundi litumie rangi mbili tu, na lieleze kila rangi inasema nini. Udongo mwekundu waweza kuwa jua la jioni, au waweza kuwa tamaa. Picha kumi zibandikwe ukutani kwa uji wa unga, kila moja ikiwa na majina ya wachoraji wote sita. Kisha uhakiki uendeshwe kwa maswali matatu: Unaona nini kwanza? Unadhani kitafuata nini? Kitu gani kikiondolewa hadithi haitapungua? Maneno "nzuri" na "mbaya" yasitumike. Huu hapa mfano wa jinsi mazungumzo yanavyoweza kwenda:

Mwalimu: Unaona nini kwanza katika picha hii?
Mwanafunzi: Naona mti, mwalimu.
Mwalimu: Na hadithi yetu ni ya mti?
Mwanafunzi: La, mwalimu, ni ya fisi.
Mwalimu: Basi kundi lenyewe mnasemaje?
Mwanafunzi wa kundi: Tuliupaka mti weusi wote. Tungempaka fisi weusi, mti tukauacha kijivu.

Tazama kwamba mwalimu hakusahihisha kitu. Hadithi ndiyo iliyosahihisha, na wenye picha ndio waliotoa dawa.

Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, usichore ubaoni fisi wa mfano. Ukimchora, utapata fisi wako sitini. Anayeshindwa kabisa mwonyeshe namna ya kutazama, si namna ya kumaliza.

Pili, watoto waliozoea televisheni watamchora fisi waliyemwona katika vibonzo. Usiwakemee. Waulize huyo fisi aliishi wapi, na nani alimbuni, kisha waulize yule anayelia usiku nyuma ya kijiji chao yukoje. Watambue kwamba sura ya vibonzo nayo ilibuniwa na mtu aliyekaa akatazama, na kwamba wao wana haki ile ile.

Tatu, usitoe alama kwa usafi wa mstari. Pendekezo letu ni alama kumi: nne kwa wingi na utofauti wa vichoro vinane, tatu kwa sentensi ya sababu, na tatu kwa marekebisho yaliyofanywa baada ya kivuli na uhakiki. Kwa mpango huo mtoto mwenye mkono mzito anaweza kupata kumi, na mwenye mkono mwepesi asiyefikiri hatazipata.

Nne, usimwahidi mtoto ajira. Kazi za filamu ni chache, masomo yake ya juu ni ya gharama kubwa, na wengi walioyahitimu hufanya kazi kwa mikataba ya muda mfupi. Sababu ya kufundisha somo hili si kumfanya kila mtoto awe mchoraji. Mkulima anayepanga shamba, mshonaji anayekata kitambaa na mwalimu anayepanga ubao wake wote wanahitaji kuona jambo kabla halijakuwapo, kulijaribu kwa njia rahisi, na kuchagua. Hata hivyo, ikiwa katika sitini yumo mmoja atakayeishi kwa kazi hiyo, atakuwa ameanza mahali panapostahili.

Hitimisho

Tumeona kwamba chuo cha uzamili na darasa la Nne, ingawa vinatengana kwa umri na vifaa, vinaweza kufuata utaratibu mmoja: kusikiliza hadithi, kutazama ulimwengu, kujaribu mengi, kuchagua kwa sababu, na kukubali kurekebishwa. Mwalimu atakayeanza na karatasi moja iliyokunjwa mara tatu atakuwa amekwisha kuingia katika njia hiyo. Na atakapozikusanya karatasi zile, asiharakishe kuzitia alama. Azisome moja moja kama barua, kuanzia zile za waliokaa nyuma.

Maswali ya kujadiliana

1. Chagua hadithi moja inayosimuliwa mahali ulipozaliwa. Taja tukio lake moja linaloweza kuonyeshwa kwa picha moja, na ueleze kwa nini umelichagua hilo.
2. Kunja karatasi mara tatu, ujaze vyumba vinane wewe mwenyewe kabla ya kuwapa wanafunzi zoezi hilo. Fikira zako zilianza kuwa ngumu katika chumba cha ngapi, na ulifanya nini?
3. Kwa nini uhakiki usiotumia maneno "nzuri" na "mbaya" unaweza kumsaidia mtoto mwenye haya? Je, kuna hatari yoyote katika uhakiki wa hadharani, na utaizuiaje?
4. Andika andalio la kipindi kimoja cha Jiografia au Sayansi linalotumia kanuni ya "jaribu mengi, chagua moja".